Kadi Nne za Fundi Saa

Sehemu ya Saba

Mkono wa Fundi Saa bado uko hewani, pale pale tulipouacha wiki iliyopita. Umeshika kadi ya bluu. Kwenye kaunta ya duka la miwani, mashine ya malipo imeshatoa mlio wake, ule mlio mfupi wa kudharau. Na nyuma ya bega lake, karibu kiasi cha kusikia pumzi, amesimama Mama Mkwe.

"Inasemaje?" Mama Mkwe akauliza.

"Inasema tusubiri kidogo, mama."

"Mbona imeandika imekataliwa?"

Fundi Saa akageuka. "Mama, si tumekuja kukununulia miwani kwa sababu huoni?"

"Mimi ya karibu ndiyo siioni, baba. Ya mbali naona hata wasiotaka niwaone."

Dada wa kaunta akainamisha kichwa, akaanza kupanga vitambaa vya kufutia miwani ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Hapo ndipo ulimi unapomfikisha mtu. Asubuhi hiyo, chai ikiwa mezani, Fundi Saa alimwambia mama yake mkewe mbele ya watoto wote: "Mama, pochi yako iache nyumbani. Mkweo nipo." Na Mama Mkwe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu baada ya miaka thelathini na sita ya chaki, ni mtu wa kufuata maagizo. Pochi aliiacha.

Kadi ya bluu ilikuwa ya matumizi ya nyumbani. Hivyo ndivyo alivyoagiza Nesi, mkewe, kwenye ile karatasi aliyoibandika mlango wa jiko. Bluu ya nyumba. Kijani ya kazi. Nyeupe ndiyo iliyobebeshwa madeni yote ya zamani, bila riba kwa mwaka mzima, mradi ilipwe kila tarehe tano bila kukosa. Na ya dhahabu, ile ya sifa, Nesi aliikata vipande viwili kwa mkasi wa bandeji, akavitupa, akanawa mikono kama anavyonawa akitoka wodini.

Sasa bluu imejaa deni hadi kikomo vipi wakati mwezi ndio kwanza umeanza?

Bisibisi. Jumamosi Fundi Saa alipita dukani akaona seti ya bisibisi ishirini na nne. Nyumbani anazo kumi na tisa, nzima, zinafanya kazi. Zilikuwa na kasoro moja tu: hazikuwa ndani ya boksi la mahameli.

"Kaka, una kadi nyingine?" dada wa kaunta akauliza kwa upole.

"Kadi?" Fundi Saa akacheka kicheko cha mtu mwenye kadi. "Dada, mimi kadi sikosi."

Akatoa ya dhahabu.

Ndiyo, msomaji, hiyo hiyo. Usiku ule Nesi alipolala, mume alirudi kwenye pipa la taka, akavitoa vile vipande, akaviunga kwa gundi ya kubandikia vioo vya saa. Kazi aliifanya kwa darubini ya jicho moja, kwa saa nzima, ameshika pumzi. Kiungo hakikuonekana. Alipomaliza aliitazama akajisifu: ningekuwa daktari mimi, watu wangefufuka.

Dada akaichukua. Akaigeuza. Akaipitisha kidole.

"Kaka, hii kadi ina kovu."

"Iliumia kidogo."

"Imepasuka katikati ya kibati. Mashine haiwezi kuisoma."

"Jaribu tu dada, huwezi jua."

Akajaribu. Mashine safari hii haikutoa hata mlio. Ilinyamaza kabisa, kama mtu aliyetukanwa. Alipoichomoa, nusu moja ilitoka. Nusu nyingine ilibaki ndani.

Foleni ya nyuma ikaanza kukohoa.

"Ile si ndiyo aliyoikata mwanangu?" Mama Mkwe akauliza.

"Mama, hii..."

"Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyempa mkasi."

Fundi Saa alitamani apate pa kujificha, lakini duka la miwani lote ni vioo. Kila alipogeuka alijiona: Fundi Saa kushoto, Fundi Saa kulia, Fundi Saa watano wanatoka jasho. Akafikiri, kumbe mjinga mmoja anaweza kujaza duka zima.

Dada akaichokonoa ile nusu kwa kibanio cha nyusi hadi ikatoka.

Ikabaki kijani. Kijani ni ya betri, mikanda na vioo. Alimwapia Nesi kwamba haitagusa kitu kingine. Na kila inapopita kwenye mashine, ujumbe huruka moja kwa moja hadi simu ya Nesi, popote alipo, hata kama ameshika sindano.

Akamtazama Mama Mkwe. Mama Mkwe akamtazama yeye, kwa mbali, ambako anaona vizuri.

Akaipitisha.

*Imekubaliwa.*

"Hongera," Mama Mkwe akasema. Akavaa miwani yake mipya pale pale, akachukua risiti, akaisogeza puani. Akawa anasoma kila kitu: jina la duka, bei, namba ya mashine. Halafu akaurudia mstari wa juu.

"Baba. Leo tarehe ngapi?"

"Nne, mama."

"Risiti inasema tano."

"Mashine za siku hizi, mama." Fundi Saa akainua mkono, akamwonyesha saa yake, ile ya chuma aliyoirithi kwa baba yake, yenye kidirisha cha tarehe. "Hii haijawahi kudanganya. Nne."

"Mwezi uliopita ulikuwa na siku ngapi?"

"Thelath..."

Akakitazama tena kidirisha.

Saa zenye kidirisha cha tarehe, kwa mliozoea simu, zina ujinga mmoja: kila mwezi zenyewe huhesabu hadi thelathini na moja. Mwezi ukiwa na siku thelathini, lazima mwenye saa aisogeze tarehe kwa mkono, la sivyo itachelewa siku nzima. Fundi Saa analijua hilo kuliko jina lake. Kila mteja humwambia. Ameliandika kwenye kibao na kukitundika juu ya meza yake ya kazi.

Na juu ya meza hiyo hiyo, kwenye misumari minne, ametundika saa nne za zamani zenye kidirisha kama hicho, moja kwa kila kadi, zimkumbushe siku za kulipa. Kwa wiki tatu amekuwa akiwaonyesha wateja huo mtambo wake. "Wenzangu wanasumbuliwa na madeni kwa sababu hawana mpangilio," alikuwa akiwaambia, mikono kiunoni.

Saa nne, na ya mkononi ya tano, zote zimechelewa siku moja. Zimekubaliana kabisa. Hata moja haikupinga.

"Asubuhi nilisema leo ni tano," Mama Mkwe akasema.

"Ulisema, mama."

"Ukanirekebisha."

"Nilikurekebisha, mama."

"Mbele ya wajukuu."

"Mama, leo ni siku ya kulipa nyeupe! Benki inafunga saa kumi!"

Mishale ya ile saa ya chuma ilisema saa tisa na dakika kumi na nane. Na mishale, tofauti na tarehe, haikuwa na kosa.

Simu ya Mama Mkwe ikaita. Ya Fundi Saa mwenyewe iko mezani kwa jirani yake, Fundi Simu, imefunguliwa vipande kumi na moja tangu juzi. Ndiyo sababu hata kulipa kwa simu hawezi.

"Mwanangu," Mama Mkwe akapokea. "Ndiyo, nimeshavaa. Naona vizuri. Naona mno. Haya, huyu hapa."

Fundi Saa akaipokea simu kama mtu anayepokea sufuria la moto.

"Mke wangu."

"Kijani imenunua miwani," sauti ya Nesi ikasema. Nyuma yake zilisikika troli za dawa. "Betri za miwani siku hizi zipo?"

"Nitaeleza."

"Bluu iko wapi?"

"Imejaa."

"Imejaa nini?"

"Bisibisi."

Troli ikapita.

"Nyeupe umelipa? Leo tano. Asubuhi uliniambia bahasha iko mfukoni, nikajua unakwenda."

Hapo mume ana njia mbili, na ya kwanza tayari ilikuwa imemfika kwenye ncha ya ulimi: *nimelipa, mke wangu, muda mrefu.* Mara ngapi ameipita njia hiyo? Anaijua kama njia ya kwenda chooni gizani.

"Bado," akasema. "Nilijua leo ni nne. Sikusogeza saa."

"Wewe?"

"Mimi."

"Fundi saa?"

"Huyo huyo."

Nesi akashusha pumzi. "Sikiliza baba watoto. Leo ikipita, msamaha wa riba umekufa, na kuchelewa kunaandikwa kwenye taarifa yako ya mikopo. Keshokutwa Ijumaa mwenye jengo anataka hiyo taarifa mkononi, haina doa. Ikiwa na doa, chumba cha kona anapewa Fundi Simu. Umenielewa? Kile chenye dirisha."

Kile chenye dirisha. Miaka kumi na moja Fundi Saa amekaa chini ya ngazi za jengo lile, chini ya balbu moja, akipokea vumbi la viatu vya wanaopanda. Jicho la kulia limeanza kuchoka. Mwaka huu ameangusha skrubu tatu asizione tena. Chumba cha kona kinapata mwanga tangu asubuhi mpaka alasiri. Bila mwanga ule, miaka miwili mingine na kazi imekwisha. Atabaki mtu wa kubadilisha mikanda.

"Nakimbia," akasema.

"Kimbia. Na mama usimwache nyuma."

Alimwacha nyuma kwa hatua tano tu. Kwenye kona ya kwanza Mama Mkwe alishamfikia, kwenye ya pili akampita.

"Mama, pole pole!"

"Miaka thelathini na sita nimewahi kengele!" akajibu bila kugeuka. "Sitachelewa leo kwa ajili ya bisibisi!"

Wakapita mtaa wa mafundi viatu, wakapita kwa wauza vitambaa, wakavuka barabara taa ikiwa haijaamua. Kiatu cha Fundi Saa kikakatika mkanda. Akakivua, akakibeba. Bahasha ya kaki ilikuwa inampiga kifuani kila hatua, kana kwamba nayo inamsema.

Mlango wa benki ulikuwa umefungwa. Mbele yake alisimama Askari, ufunguo mkononi.

"Tumefunga."

"Bado dakika nane!" Fundi Saa akasema, kiatu kwapani. "Tazama. Saa kumi kasoro dakika nane."

Askari akainua mkono wake. "Yangu saa kumi na dakika tatu."

Fundi Saa akaitazama ile saa. Kioo cha mraba, mkanda wa kahawia wenye mshono wa njano. Mshono ule ni wa mkono wake.

"Hiyo saa niliitengeneza mimi."

"Ndiyo. Mwezi wa tatu. Ulinichaji bei ya saa mpya."

"Inakimbia!"

Askari akakunja uso. "Uliniambia haitakimbia. Ulinipa dhamana ya mwaka. Ulisema nikikuta inakimbia, jua ndilo lililochelewa."

"Nilisema hivyo?"

"Ukacheka mwenyewe."

"Basi tazama saa ya ukutani, humo ndani!"

"Ile imesimama. Tunamsubiri fundi."

"Fundi gani huyo mzembe?"

Askari akamtazama tu. Akamtazama kwa muda wa kutosha.

"Oh," Fundi Saa akasema.

Akamgeukia Mama Mkwe. "Mama, simu yako."

"Yangu naisogeza mbele robo saa, mazoea ya shule. Inasema kumi na dakika saba. Na kusema uongo sisemi."

Ndani ya mlango wa kioo kulikuwa na foleni ya mwisho, watu kama tisa. Kichwa kimoja kiligeuka, halafu cha pili. Wateja wake! Yule muuza vitambaa, amemtengenezea saa mbili. Yule dereva wa malori. Yule bwana mwenye cheni ya mfukoni.

"Kwa hiyo," Askari akasema taratibu, "ama saa yangu ni sawa na nimefunga, ama kazi yako ni mbovu na nifungue. Chagua."

Jamani! Mnajua fundi kwake jina ni nini. Mnyime mshahara, mnyime chakula, lakini usimguse kazi. Fundi Saa alitazama kile kioo cha mraba. Akaona dirisha la chumba cha kona.

"Mbovu," akanong'ona.

"Sikusikia."

"Kazi yangu ni mbovu."

"Sema kwa sauti," Mama Mkwe akasema, kidole juu, "wasikie wa nyuma."

"KAZI YANGU NI MBOVU!" Fundi Saa akapaza sauti, mguu mmoja peku. "Saa hiyo nimeiharibu mimi! Nilikuwa na haraka! Springi niliikaza kupita kiasi, nikajua, nikaacha! Na siyo hiyo tu, hata yangu imechelewa siku nzima! Ndugu zangu, leo ni tarehe tano, mimi nilikuwa naishi jana!"

Ndani ya benki, muuza vitambaa akatazama mkono wake. Dereva akaitikisa saa yake akaiweka sikioni. Mtu mmoja akacheka, halafu foleni nzima.

Askari naye kicheko kikamponyoka. Akazungusha ufunguo.

"Pita. Na Jumatatu nakuletea hii saa. Bure."

"Bure."

"Na ya ukutani."

"Na ya ukutani."

Dirisha namba tatu. Karani mwenye kalamu nyuma ya sikio akapokea bahasha, akahesabu, akahesabu tena. Fundi Saa aliweka kiwango chote cha mwezi, si kile kiduchu cha chini ambacho zamani alikuwa akikitoa na kujiona mwungwana. Muhuri ukapanda. Muhuri ukashuka. *Tap!*

"Tarehe tano, saa tisa na dakika hamsini na saba," karani akasema. "Umewahi."

Fundi Saa akaishika risiti kwa mikono miwili. Akaipuliza wino ukauke. Chumba cha kona kilikuwa bado chake! Machozi yalimlenga, akayasingizia jasho.

"Mama, tumeweza!"

"Vaa kiatu," Mama Mkwe akasema. Lakini alikuwa anatabasamu, na mkono wake ulikuwa begani kwa mkwewe.

"Na ile nyingine je?" karani akauliza. "Unailipia leo leo, au unaiacha?"

"Ipi?"

"Ya nyongeza."

Fundi Saa akacheka. "Dada, mimi kadi zangu nazijua. Zina saa zake ukutani. Ni nne, na moja imefia dukani kwa miwani."

Karani akaigeuza skrini kidogo. "Chini ya hii nyeupe kuna kadi ya pili. Ilifunguliwa mwezi uliopita. Sahihi yako ipo."

Sahihi yake ipo. Akakumbuka jioni ile, Nesi na rundo la fomu, *weka hapa, na hapa, na hapa*, naye akaweka sahihi kumi na nne huku akitazama mpira kwenye televisheni. Barua za benki hufungua Nesi. Yeye akiona bahasha ya benki tu hushikwa na usingizi.

"Imetumika mara moja," karani akaendelea. Akachapa karatasi, akaisukuma chini ya kioo. "Hii hapa, na nakala ya fomu. Sahihi ya mtumiaji ni hii ya chini."

Mama Mkwe ndiye aliyeiwahi. Akapandisha miwani yake mipya, akasoma. Tabasamu likaondoka usoni mwake polepole, kama chaki inavyofutwa ubaoni.

"Mama? Ni sahihi ya nani?"

Kidole cha Mama Mkwe kilikuwa juu ya jina la chini, kwenye mkia wa herufi ya mwisho, ule unaopinda juu badala ya chini. Mkia ule aliuhangaikia miaka mitatu kuunyoosha, jikoni kwake, mwanawe akiwa bado mdogo, kwa penseli na rula. Haukunyooka.

Fundi Saa akainama juu ya bega lake. Hakuitazama sahihi. Alitazama mstari wa matumizi. Ulikuwa mstari mmoja tu, na tarehe yake ilikuwa wiki mbili zilizopita.

*Saa ya mkononi, ya kiume. Moja.*

Akaitazama saa ya chuma mkononi mwake. Akakumbuka droo zote za nyumbani, makabati yote, mito yote. Mke wa fundi saa amenunua saa. Dukani kwa mtu mwingine. Ya kiume. Na mwanamume wa nyumba ile hajaiona.

Simu ikaita mikononi mwa Mama Mkwe. Jina la binti yake likawa linawaka na kuzima, linawaka na kuzima.

"Mama," Fundi Saa akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Niambie umesoma nini."

Mama Mkwe akaikunja ile karatasi mara mbili. Akavua miwani yake mipya, akaifuta, akairudisha ndani ya boksi lake, akafunga.

"Mimi, mwanangu," akasema, akimkabidhi simu inayoita, "ya karibu siioni."